Mimba ya Markiza

Jumapili, tarehe 2 mwezi wa sita

Leo nimepata farasi. Sikuenda kanisani kutafuta farasi. Nilienda kusali, na hata kusali ni Jeanine, bibi yangu wa ndoa, alinisukuma.

Kwenye matangazo Padri akamuita Madame Adèle mbele. Yule muzee mama wa Kibelgiji wa kule Nyalukemba, mwenye nyumba inagusa maji ya ziwa. Anarudi Ulaya kwa binti yake, magoti imemukataa. Vitu vyote ameisha gawa. Imebaki farasi. Anatafuta mutu wa roho nzuri, amuchukue, amutunze mpaka siku yake ya mwisho. Masharti mbili tu: asiuzwe, asiliwe. Na kila Jumapili kisha misa, mutu huyo amupigie video, Madame amuone farasi wake kwa macho.

Watu waliangalia viatu vyao. Farasi iko na tumbo, na kiangazi kimefika.

Halafu benchi ya mbele ikageuka. Ya pili nayo. Wote wananitazama mimi. Kosa ni la mudomo wangu. Mahali pa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nimekuwa nikisimulia namna nilifundisha farasi za patron mumoja mukubwa kule Kolwezi, tatu kwa mara moja, kamba kwenye meno. Mara ya mwisho nilisimulia, zilikuwa sita. Kusema kweli, Kolwezi nilipita na treni. Lakini dirisha ilikuwa wazi na farasi nilimuona vizuri.

Zagabe, kaka ya Jeanine, ni shemeji yangu na ni mateso yangu. Akasimama, akasema kwa sauti ya kusoma Injili: Tonton Polycarpe, mujomba wa wote, anajua farasi kuliko farasi wenyewe. Watu wakapiga makofi. Ningefanya nini? Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti, nikasema nitamuchukua. Hapo ningekaa chini. Lakini makofi ilikuwa ingali inaendelea. Nikaongeza kwamba farasi moja ni kidogo kwa mutu kama mimi.

Njiani Jeanine hakusema neno. Nyumbani alisema yote.

Jumanne, tarehe 4

Nimemuleta. Jina lake ni Marquise, lakini Bagira nzima imeisha muita Markiza. Rangi ya chai ya maziwa. Mugongo umeingia katikati kama kitanda cha wageni. Tumbo nene, nene sana. Macho ya mutu aliyesoma.

Madame alinipa kamba, burashi na machozi. Alinieleza kwamba bwana yake marehemu alimuokota kwa watu walioondoka hapa bila kuaga. Kwa hiyo hii ni mara ya pili anaachwa. Nikashika kamba kwa mikono miwili. Madame akaniuliza kama nitamupanda mpaka nyumbani. Nikasema hapana, kwanza azoee harufu ya jasho langu.

Kutoka ziwani mpaka Bagira ni kupanda. Nusu ya kwanza nilimuvuta, akakataa. Nusu ya pili alinivuta, nikakataa, haikusaidia. Mutu wa roulage, polisi wa barabara, alisimamisha magari yote tupite, kisha akaomba foto na farasi. Mimi aliniomba nisogee kidogo. Muzee mumoja aliuliza kama ni ng'ombe iliyokatwa pembe. Nikamujibu kwa huruma.

Jeanine alikuwa ku mulango, mikono kiunoni. Papa Josué, hiki kitu kitalala wapi? Josué ni mutoto wetu wa kwanza, anaishi Uvira, na leo nilimuonea wivu. Nilisema nimeisha panga. Sikuwa nimepanga. Markiza amelala ndani ya jiko la nje. Jeanine anapikia ku barza.

Larissa, mutoto wa dada yangu, anakaa kwetu na anasomea dawa za wanyama ku université. Aliniuliza kama ninajua farasi anakula kiasi gani kwa siku. Nikamwambia zile za Kolwezi zilikuwa zinakula kidogo, juu ya heshima.

Alhamisi, tarehe 6

Anakula kama mutu anayelipwa kwa kazi ile. Amekula nyasi zote za kiwanja. Amekula ua la jirani. Amekula fagio. Asubuhi alikuwa anatazama matembele ya Jeanine, na Jeanine alikuwa anamutazama yeye, na mimi nilikuwa katikati.

Nimekwenda kukata nyasi mara nyingi mpaka mukono hauinuki. Kiangazi hiki kimekauka kama mukate wa juzi.

Lakini kichwa ya Polycarpe hailale. Nilikaa juu ya ndoo, nikafikiri kama muzee wa ukoo. Hapa kwetu Bushi, mutu akikupa ng'ombe yake umulindie, maziwa ni yako, mbolea ni yako, na ikizaa unapata ndama yako. Hakuna karatasi. Ni neno na mashahidi. Ng'ombe moja inaweza kuunganisha familia tatu, halafu kuzigombanisha miaka thelathini. Kama ni hivyo, nani alisema Polycarpe alishe farasi peke yake? Watu walishe. Akizaa, watapata.

Na atazaa. Tumbo lile ni mimba. Jeanine amezaa mara tano, mimi tumbo ninalijua. Nililigonga kidogo kwa vidole na likajibu.

Larissa alisema, tonton, ngoja kwanza nimupime vizuri, niko na mitihani mpaka tarehe kumi na saba. Tena akauliza, farasi dume iko wapi hapa Bukavu? Nikamwambia hayo ni mambo ya ndani ya Madame, mutu mwenye adabu haulizi.

Jumapili, tarehe 9

Nimemupanda. Niandike polepole juu kiuno kinaniuma.

Zagabe alikuwa ametangaza kila mahali kwamba mimi ninatembea na farasi kama mutu anayetembea na shangazi yake. Kwa hiyo leo niliamua kufika kanisani juu. Nilichukua muto wa kiti cha wageni, nikaufunga na kitenge ya Jeanine, ile yake ya sikukuu. Nikapanda juu ya kreti ya bia, kutoka kreti mpaka mugongo. Jaribio la tatu lilifaulu. Markiza hakutikisika. Ulimwengu ulikuwa chini yangu. Niliona mabati ya Bagira yote. Nilisalimia watu ambao hatusalimiani.

Tulikwenda vizuri mpaka kwa Maman Bintu, pale anapouza mboga kando ya barabara. Markiza akasimama. Nilimwambia twende kwa Kifaransa, kwa Swahili, kwa Mashi. Akashusha shingo, akaanza meza ya Bintu upande wa kushoto. Lengalenga. Shu, ile kabichi. Karoti. Alikwenda taratibu, kama mutu anasoma gazeti. Na kwa sababu shingo ilishuka, mimi pia nilishuka, kichwa mbele, mpaka ndani ya tomate.

Bintu hakupiga kelele. Angelipiga, ningelipata nafasi ya kukasirika. Alishika kiuno, akauliza mbele ya watu wote: Papa Polycarpe, nani atazungumuza na mimi hapa? Weye ao huyu mukubwa wako?

Nikainuka, tomate kwenye sikio. Nikamwambia aangalie tumbo lile. Nikamwambia mutoto wa kwanza atakayetoka mule ni wake, kwa desturi yetu, na watu hawa ni mashahidi. Bintu aliangalia tumbo. Alilizunguka. Hasira ikamutoka kama mvuke. Alisema kutoka leo majani yote ya nje ya shu ataniletea kila jioni. Aliokota hata karoti moja iliyobaki, akampa Markiza mwenyewe, anamuita mukwe.

Nilifika misa wakati wa baraka ya mwisho. Zagabe aliuliza farasi iko wapi. Nikasema iko inje, inasali kwa namna yake. Akanusa. Akasema leo tonton ananuka sosi.

Kisha video na Madame Adèle. Anaongea Swahili ya zamani, nzuri kuliko yangu. Alipomuona Markiza anatafuna, alimuita jina mara tatu. Akauliza kama ninafanya kazi yote hii peke yangu. Ningejibu ndiyo, au ningejibu Maman Bintu ananisaidia. Badala yake nikasikia mudomo wangu unasema kwamba hapa tuko na komite. Komite ya Kulinda Farasi ya Bagira. Akaomba majina ili awaombee. Nikamupa: Maman Bintu, makamu wa prezida. Hervé, jirani mwenye moto, ile pikipiki yake, mukubwa wa usafirishaji. Zagabe, mutunza hazina. Prezida sikumutaja, unyenyekevu, lakini alielewa.

Komite yenyewe haijui kwamba iko.

Jumatano, tarehe 12

Mambo inaenda vizuri mpaka ninaogopa.

Hervé amekubali kuleta nyasi na moto yake kila asubuhi. Anafunga muzigo nyuma, moto inaonekana kama kichaka kinakimbia. Alitaka mutoto wa kwanza. Nikasema sawa. Amekwisha kumupa jina: Turbo.

Nyasi zenyewe zinatoka Mumosho, ku shamba ya Zagabe karibu na maji ya Ruzizi, kule ambako hata kiangazi kinabaki na kijani. Kwa hiyo ilibidi niongee na Zagabe. Alikuja na viatu vya kung'aa, akasimama mbali na Markiza, akatazama tumbo kwa jicho la mutu mwenye ng'ombe saba. Akasema, shemeji, mara moja katika maisha yako umefanya kitu. Ile neno iliniingia. Miaka yote hii nilikuwa ninaingoja. Alisema nyasi ni bure, lakini mutoto wa kwanza ni wake, atamujengea nyumba yake kule Mumosho. Nikamushika mukono wa mbio.

Jioni nilihesabu tena. Wa kwanza wa Bintu. Wa kwanza wa Hervé. Wa kwanza wa Zagabe. Si kitu. Kuna mbuzi kule Kabare ilizaa watatu na siku ya pili ikaongeza mumoja aliyesahaulika. Niliiona mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 17

Larissa amemaliza mitihani. Ingekuwa heri aendelee.

Alivaa gant za mpira mikononi, akafungua kinywa cha Markiza, akasoma meno. Akasikiliza tumbo pande zote mbili. Alichukua mavi, akaenda nayo ku université kama mutu anabeba keki, akarudi saa tisa.

Alisema, tonton, huyu farasi amenipita umri. Alisema hana mimba, hakuwa na mimba, na hatapata. Lile tumbo ni minyoo, na hewa, na nyasi mbaya. Tena alisema, kama hapewi dawa, siku moja atalala chini na hatainuka.

Niliuliza swali moja tu. Hiyo dawa, itapunguza tumbo?

Larissa alinitazama kama mutu ameona jiwe ndani ya maharagi. Alisema ndiyo, njo kazi yake.

Nikapendekeza tungoje mpaka kisha sikukuu ya Asompsio, mwezi wa nane. Alisema hapana, dawa itafika kesho kutwa. Nikamuapisha asiseme neno kwa mutu. Aliapa. Jeanine alikuwa anaanika nguo nyuma ya ukuta, na yeye hakuapa.

Jumatano, tarehe 19

Dawa iko nyuma ya redio. Larissa amekwenda kazi ya shule na ameniamuru nimupe Markiza asubuhi, kabla ya nyasi.

Sikumupa.

Nieleze. Asubuhi mapema Bintu alikuja na blanketi ndogo, ameishona kwa vipande, ya mutoto. Hervé ameandika TURBO nyuma ya moto yake kwa rangi nyekundu. Zagabe amepiga simu, mabati ya nyumba ya Mumosho imefika. Watu hawajawahi kunisalimia hivi. Prezida hapa, prezida pale. Tumbo likienda, mimi ninarudi kuwa Polycarpe wa Kolwezi, yule wanamukonyezea jicho akifungua mudomo. Nilijiambia siku mbili tatu haziui mutu. Minyoo hata watoto wetu walikuwa nayo, na leo moja iko Uvira na anavaa cravate shingoni.

Saa sita Markiza hakuja kwenye shu. Hakuja kwenye karoti. Nilimukuta amelala ndani ya jiko, shingo imenyooka, anageuka kutazama tumbo lake kama kwamba mutu mwingine analigonga kutoka ndani.

Nilimwambia asinifanyie hivyo. Nilimwambia ainuke, majirani wanatuona. Nilimusimulia Kolwezi, ile ya farasi sita. Alinitazama na yale macho yake ya mutu aliyesoma. Naye hakuiamini.

Nilivunja redio kwa haraka ya kutoa dawa. Niliichanganya na ndizi za kuiva, akakataa. Nikapaka asali ya Jeanine juu ya mukono, dawa juu ya asali, nikamupelekea kwenye midomo. Alilamba polepole. Ulimi wake ni kama sandapepa. Alilamba mpaka kiwiko. Nilimwambia, mama, kula tu, tumbo liende, nitajua la kusema.

Larissa aliporudi alinitukana kwa adabu, tonton kila kisha neno, njo inaumiza zaidi. Akasema tumuinue na tumutembeze, asilale. Nilisukuma nyuma, Larissa akavuta mbele. Alipoinuka nilishika kamba mimi, lakini yeye ndiye alinivuta. Jeanine alitoka ku barza, akaninyang'anya kamba. Alimutembeza kiwanjani, anazunguka na kuzunguka, anamutukana kwa Mashi, sauti ya chini, ile ile aliyokuwa anatumia na Josué akiwa na homa.

Matembele yote imekanyagwa. Hakuna aliyesema neno juu ya matembele.

Ijumaa, tarehe 21

Amekula! Amekula blanketi ya Bintu.

Kila kitu kilichokuwa ndani kimetoka inje. Sitaandika namna gani. Larissa anafurahi kama mutu amepata diplome. Mbavu zinaonekana, macho inang'aa, na tumbo limekwisha. Limekwisha kabisa. Iko kama koti ya mutu mukonde.

Nilijaribu kumufunika na chandarua. Bintu alikuja na majani yake ya jioni, akainua chandarua, akatazama chini, akatazama pembeni, akatazama nyuma ya mulango.

Papa Polycarpe, mutoto iko wapi?

Ningesema kweli. Nilikuwa nayo kwenye ulimi. Lakini nilichelewa kidogo tu, na kwa Bintu kuchelewa ni jibu. Alishusha majani chini, akaenda. Kabla ugali haujaiva, Bagira yote ilijua: Markiza amezaa, na Polycarpe amemuuza mutoto ng'ambo ya Ruzizi, kule Rwanda. Hervé anasema mutoto alikuwa na doa jeupe kwenye paji. Kuna mutu alimuona akivuka.

Jumapili, tarehe 23

Niandike yote.

Kisha misa hawakwenda kwao. Walikuja kwangu. Zagabe, Bintu, Hervé, na nyuma yao watu wa kutazama. Wamekuja na kasiksi, kwa hiyo ni kikao, si ugomvi. Walikaa kiwanjani kwa mviringo. Markiza alisimama katikati, anatafuna.

Zagabe aliongoza. Alisema anauliza kwa amani, mutoto amefichwa wapi. Hervé alisema anataka Turbo wake. Nilimutazama Larissa, Larissa akatazama mbingu. Jeanine alitazama mimi.

Nikasema hakuna mutoto. Hakukuwa na mimba. Ilikuwa minyoo.

Bintu akauliza, sauti imevunjika: nilishonea blanketi minyoo?

Watu wa kutazama walianguka chini kwa kicheko. Hervé alikwenda kukwangua moto yake kwa musumari. Lakini Zagabe hakucheka. Alisema desturi ni desturi. Ng'ombe ikiwa tasa na imezeeka, inachinjwa, na kila aliyeilinda anapata fungu lake. Hawa watu wamelisha. Watu wamechoka, mutoto hakuna, basi wapewe nyama.

Nilisema nimeapa kanisani: asiuzwe, asiliwe. Zagabe akasema weye uliapa, sisi hatukuapa. Ilikuwa kweli, na njo ilikuwa mbaya.

Wakaanza kumugawa kwa mudomo. Paja la nyuma la Zagabe, juu ya nyasi. La pili la Bintu. Shingo ya Hervé. Mbavu za watu wa kutazama, hata hao walipata. Kila wakitaja kiungo, Markiza anakitikisa, kama mwanafunzi anaitika jina lake. Zagabe alitoa kisu na jiwe, akaanza kunoa. Nilikwenda kusimama mbele ya farasi. Sijui nilitaka kufanya nini. Markiza alianza kulitafuna koti langu kutoka nyuma.

Hapo telefone ikalia. Madame Adèle. Kwa haya mambo yote nilikuwa nimesahau video.

Mukono ukafungua wenyewe. Uso wake ukajaza kioo. Alisema, Polycarpe, mbona watu wengi? Halafu akaelewa vibaya, Mungu ambariki. Ni komite! Iko katika kikao!

Nikasema ndiyo, Madame. Iko katika kikao.

Akaomba kuwaona mumoja mumoja. Nikapeleka telefone kwa Bintu. Madame alimuita kwa jina, makamu wa prezida, akamushukuru kwa shu. Alisema huko Ulaya haangalii hata chakula, juu kila akifunga macho anaona mutu ameshika kisu mbele ya Marquise wake. Sasa atalala. Bintu aliangalia Zagabe. Alisema, maman, lala tu, hapa hakuna kisu. Zagabe alikikalia. Nilipofika kwake, jiwe la kunolea lilikuwa lingali mukononi, na Madame aliuliza ni nini. Mutunza hazina akajibu amekuja kusugua kwato. Kwa upole wa ajabu. Uso ulikuwa unamuuma, nafikiri ni ncha ya kile kisu chini yake.

Simu ilipokatika, Bintu akauliza nani alimwambia yule mama kwamba yeye ni makamu wa prezida. Nikajitayarisha kukimbia. Akanyoosha kitenge chake. Akauliza, makamu wa prezida anakaa upande gani?

Akahama, akakaa kulia kwangu.

Huwezi kula farasi ambaye wewe ni makamu wake wa prezida. Ni kitu hakifanyike.

Jumanne, tarehe 25

Jeanine amekata maneno. Alisema wanaume wanaongea habari ya ndama na nyama kama kwamba desturi haina mbolea. Mulinzi anapata mbolea hata kama hakuna mutoto, na hii farasi, mbolea njo kazi anajua vizuri kuliko zote. Bintu atapata ya shamba yake ya mboga. Hervé atabeba gunia ya Zagabe mpaka Mumosho, ku migomba, na kurudi na nyasi, na jioni atapata yake ya bustani ya mama yake. Jeanine mwenyewe anachukua ya kwanza, juu ya matembele.

Zagabe alikuja kutazama. Alishika mbolea, akaivunja kwa vidole, akainusa kama mutu ananusa tumbaku. Hakusema kitu. Kwa Zagabe hiyo ni hotuba. Mara tu alipofika barabarani aligeuka, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia kama zile sita za Kolwezi pia zilikuwa na mimba.

Prezida njo anajaza ndoo. Kila asubuhi. Nimewaeleza kwamba kule Kolwezi pia kazi hii walikuwa wanawapa wakubwa tu.

Jumapili, tarehe 30

Sikukuu ya uhuru. Nilisugua Markiza mpaka aling'aa kama kiatu cha Zagabe.

Kwenye video ya leo Madame aliniambia jambo. Marafiki zake wa Goma nao wanaondoka. Wako na farasi, hakuna anayewataka, na walikuwa wanawaza mambo mabaya. Akawaambia habari ya komite yetu. Alisema anakumbuka neno langu kanisani, kwamba moja ni kidogo kwa mutu kama mimi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Ilikuwa nafasi nzuri, pana, video ilikuwa imekwama kidogo. Lakini komite nzima ilikuwa nyuma yangu inasikiliza.

Jeanine nimemwambia ni moja. Mashua inafika Alhamisi, wako wawili.

Mumoja ni dume. Nilimuona kwenye foto: mweusi, kichwa juu, mutu mwenye mipango. Nilimuonyesha Larissa. Aliikuza foto kwa vidole viwili, akatazama upande wa nyuma, akasema, tonton, huyu alikatwa zamani. Tena akanikumbusha umri wa Markiza. Nikamwambia mutoto, ku université hawafundishe Biblia. Sara alizaa na miaka tisini. Na Abrahamu, nani alimupima?

Padri ametupa kiwanja cha nyuma ya kanisa, iko na nyasi mpaka magotini. Nimemuahidi mutoto wa kwanza. Mbele ya mashahidi.